Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Saikolojia: Mwongozo Kamili, Kutoka Swali hadi Ripoti

Ukimuuliza mwanafunzi wa saikolojia anatafiti nini, mara nyingi atakutajia chombo: "Nafanya hojaji." Swali bado hana, ila hojaji tayari anayo, ameipakua mtandaoni, na washiriki anawajua, ni wenzake wa darasani. Miezi kadhaa baadaye ana majibu mia mbili na hajui yanajibu nini. Mwongozo huu unaenda kinyume na mazoea hayo. Swali linatangulia, swali ndilo linalochagua mbinu, na sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla mshiriki wa kwanza hajaketi mbele yako.

Ili tusielee hewani, tutabeba mfano mmoja njia nzima: simu ya mkononi na umakini wa mtu anayesoma.

Hatua ya 1: Noa swali mpaka liweze kujibiwa "hapana"

"Simu zinawaathiri vipi wanafunzi?" ni mada, si swali. Chochote utakachokipata kitaonekana kuwa jibu lake, na hapo ndipo ubovu wake ulipo. Libane: simu ikiwa wapi? Wanafunzi gani? Athari ipi? Ukiendelea kubana utafika mahali kama hapa: "Je, mtu anayesoma simu yake ikiwa mezani anakumbuka machache kuliko anayesoma simu yake ikiwa chumba kingine?" Sasa kuna jibu la hapana, na unaweza kuliona mapema lingekuwaje: makundi mawili yanakumbuka sawasawa.

Utabiri unaotokana na swali hilo ndio nadharia tete yako. Iandike kwa sentensi moja, useme inaelekea upande gani. Kisha jiulize swali lako ni la aina ipi kati ya hizi nne: linataka kueleza kinachotokea, linataka kujua mambo mawili yanavyoandamana, linataka kujua kama hili linasababisha lile, au linataka kuelewa watu wanavyolipitia jambo na kulipa maana. Aina ya swali itakwambia mbinu. Watu wengi huandika swali la kusababisha, halafu hutumia mbinu ya kueleza, na hakuna takwimu itakayowaokoa baadaye.

Unaposoma tafiti zilizotangulia, anza na sehemu ya mbinu badala ya hitimisho. Hitimisho linakueleza mtafiti anachoamini. Sehemu ya mbinu inakuonyesha alichokifanya.

Hatua ya 2: Igeuze dhana iwe kitu kinachopimika

Hakuna aliyewahi kuuona umakini, wala kumbukumbu, wala wasiwasi. Tunachokiona ni tabia, maneno, muda, na mabadiliko ya mwili. Kwa hiyo kila dhana inahitaji maana ya kiutendaji: ni kitu gani hasa utakihesabu au kukipima ukisema umepima umakini?

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu ni wa Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885. Alijifanya mwenyewe kuwa mshiriki pekee. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana ili ujuzi wa zamani usimsaidie, akasubiri, kisha akazijifunza upya na kupima ameokoa muda kiasi gani mara ya pili. Kitu kisichoshikika kikageuka kuwa dakika na idadi ya marudio. Mchoro wake wa jinsi usahaulifu unavyokwenda, kasi mwanzoni kisha polepole, bado unafundishwa.

Katika mfano wetu, umakini unaweza kuwa idadi ya majibu sahihi kuhusu makala iliyosomwa. Unaweza kuwa mara ngapi macho yanahama kutoka kwenye ukurasa. Unaweza kuwa kasi ya kujibu katika jaribio la Stroop la mwaka 1935, ambapo mtu hutaja rangi ya wino huku neno lenyewe likitaja rangi nyingine. Au mshiriki ajipime mwenyewe kwenye ngazi ya 1 hadi 5, aina ya kipimo kilichoanzishwa na Rensis Likert mwaka 1932. Hivi vinne havipimi kitu kimoja, na uchaguzi wako lazima uwe na sababu unayoweza kuitetea mbele ya msimamizi mkali.

Kila kipimo kinadaiwa mambo mawili. La kwanza ni uthabiti: ukimpima mtu yuleyule leo na wiki ijayo, na hakuna kilichobadilika, majibu yakaribiane, na vipengele vya hojaji moja vielekee upande mmoja. Hili la vipengele hupimwa kwa alfa ya Cronbach, iliyopendekezwa mwaka 1951, na wengi huridhika ikifika 0.70. Tahadhari: ukiuliza swali lilelile kwa maneno kumi tofauti, alfa itapaa, na hutakuwa umejifunza chochote.

La pili, na ndilo gumu, ni uhalali: je, unapima unachodhani unapima? Richard LaPiere alichapisha mwaka 1934 matokeo ambayo kila mpenda hojaji anapaswa kuyatafakari. Alisafiri nchini Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Waliingia katika hoteli na mikahawa takriban 250, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye aliziandikia sehemu hizo barua akiuliza kama zingepokea wateja Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya zilizojibu zilisema hapana. Unaweza kuukosoa utafiti wenyewe, kwa mfano huenda aliyejibu barua si yule aliyekuwa mapokezi. Hata hivyo pengo kati ya kauli na tendo halifutiki. Kama swali lako linahusu watu wanachofanya, usiridhike na wanachosema wanakifanya.

Ukiweza, tumia kipimo ambacho tayari kimejaribiwa badala ya kubuni chako. Kikiwa katika lugha nyingine, mtu mmoja akitafsiri, mwingine ambaye hajaona nakala ya asili akirudishe katika lugha ya kwanza, mlinganishe. Kisha wape watu wachache wakijibu huku wakieleza kwa sauti wanaelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa, na ndiyo inayofichua mengi.

Hatua ya 3: Liache swali lichague mbinu

*Ushuhudiaji.* Unafaa pale unapotaka kujua watu hufanya nini bila kuulizwa. Andaa orodha ya tabia zilizofafanuliwa kiasi kwamba mgeni angeweza kuitumia: "amegusa simu" ni tabia, "amepotea kimawazo" si tabia. Gawa muda katika vipande, tuseme sekunde 30, na katika kila kipande weka alama kama tabia imetokea au la. Tafuta shuhuda wa pili anayeweka alama peke yake, kisha pima mnavyokubaliana kwa kapa ya Cohen ya mwaka 1960, ambayo huondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati tu. Watu hubadilika wakijua wanatazamwa, kwa hiyo kaa nao muda wa kutosha wakuzoee, na data za mwanzo usizihesabu.

*Hojaji.* Ni nafuu, ni haraka, na ni rahisi kuiharibu. Epuka swali lenye maswali mawili ndani yake ("Je, simu inakusumbua na kukuchosha?"). Epuka swali linaloonyesha jibu unalolitaka. Nguvu ya neno moja ilidhihirishwa na Elizabeth Loftus na John Palmer mwaka 1974. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana". Wengine waliulizwa mwendo "yalipogusana". Kundi la kwanza lilikadiria wastani wa kama maili 40 kwa saa, la pili kama 32. Katika jaribio lao la pili, wiki moja baada ya filamu, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo, lakini 16 kati ya 50 waliosikia "kupondana" walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 waliosikia "kugongana". Swali lako halichoti tu kumbukumbu ya mshiriki, linaweza kuitengeneza.

*Utafiti wa uhusiano.* Unapima vigeu viwili (mambo yanayoweza kubadilika, kama muda wa simu na alama za mtihani) kama vilivyo, bila kubadilisha chochote, na kuangalia vinavyoandamana. Kipimo chake, r, huanzia -1 hadi 1. Sifuri maana yake hakuna uhusiano wa mstari ulionyooka. Tuseme wanaotumia simu zaidi wana alama za chini. Huenda simu inashusha alama. Huenda aliyekata tamaa na masomo anakimbilia simu. Huenda wote wanalala vibaya, na usingizi mbovu ndio unaoongeza simu na kupunguza alama. Data hizo peke yake haziwezi kutenganisha hadithi hizi tatu. Si kosa la mbinu. Ni mipaka yake, na kuna maswali ambayo hayana njia nyingine, kwa sababu huwezi kumpangia mtu afiwe au akulie katika ufukara ili umpime.

Kuwafuata watu walewale kwa miaka husaidia kujua kipi kilitangulia. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, ulianza na watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 na umeendelea kuwafuatilia hadi utu uzima. Wewe huna miongo mitano. Ukilinganisha vijana na wazee kwa siku moja badala ya kuwafuata, kumbuka kwamba tofauti unayoiona inaweza kuwa ya kizazi walichokulia, wala si ya umri.

*Jaribio.* Swali la kusababisha linakuleta hapa, na hapa tukae kidogo.

Katika jaribio unabadilisha kigeu huru (simu iko mezani au iko chumba kingine), unapima kigeu tegemezi (majibu sahihi), na mengine yote unayashikilia yasibadilike. Uti wa mgongo wake ni kuwagawa washiriki kwenye makundi kwa bahati nasibu. Usichanganye na kuchagua sampuli kwa bahati nasibu: kuchagua sampuli kunahusu ni nani anaingia katika utafiti, kugawa kunahusu ni kundi gani atakwenda akishaingia. Unaweza kuwa na sampuli ya wenzako wa darasani tu na bado ukafanya jaribio halali la sababu, mradi umewagawa kwa bahati nasibu.

Kiutendaji, tengeneza orodha ya mgawo kwa kompyuta kabla ya siku ya kwanza, weka kila mgawo katika bahasha iliyofungwa, na ifungue mshiriki akishakubali kushiriki. Usiwaweke waliowahi kundi la kwanza na waliochelewa la pili; wanaowahi na wanaochelewa ni watu tofauti. Wala usimwache mtu achague mwenyewe kundi.

Kisha uamue: kila mtu apitie hali moja, au zote mbili? Wakipitia zote mbili unahitaji watu wachache zaidi, kwa kuwa kila mmoja analinganishwa na nafsi yake. Gharama yake ni kwamba mara ya pili anakuwa amechoka au amezoea. Dawa ni nusu yao waanze na simu mezani na nusu waanze bila simu, na makala mbili za kusoma zibadilishane vivyo hivyo.

Sasa tafuta kasoro kabla hazijakutafuta. Katika jaribio letu, kundi ambalo simu zao ziko chumba kingine linaweza kuwa na hofu kwamba zitaibiwa. Likifanya vibaya, ni kwa sababu simu haipo au kwa sababu ya hofu? Na kundi lenye simu mezani likifanya vibaya, ni simu au ni kitu chochote kinachovuta jicho? Hapa ndipo kundi la ulinganisho linapohitaji akili. Ningeongeza kundi la tatu, lenye kifaa kingine cha ukubwa wa simu mezani, na simu za washiriki wote ambazo haziko mezani ningezifungia kabatini mbele ya macho yao, ufunguo wabaki nao. Saa moja ya kufikiri namna hii, ukiwa na mtu anayependa kubisha, ina thamani kuliko wiki nzima ya takwimu.

Kasoro nyingine ni wewe mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, farasi mmoja wa Berlin aitwaye Hans alisifika kwa kujua hesabu. Alijibu kwa kugonga kwato. Oskar Pfungst alimchunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1907. Kama muulizaji hakujua jibu, au kama farasi hakuweza kumwona, Hans alishindwa. Alikuwa akisoma miondoko midogo ya kichwa na mwili wa muulizaji ambayo mwenyewe hakujua anaifanya; mmiliki hakuwa tapeli. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwapa wanafunzi panya wa kawaida, wakiwaambia baadhi kwamba panya wao ni werevu na wengine kwamba panya wao ni wazito. "Werevu" wakafanya vizuri zaidi. Ikiwa matarajio yanamfikia panya, yatamfikia na binadamu. Kwa hiyo anayesahihisha majibu asijue karatasi ni ya kundi gani, maelekezo yasomwe kutoka kwenye karatasi, na ikiwezekana mshiriki asijue unatabiri nini. Martin Orne alikumbusha mwaka 1962 kwamba mshiriki huwa anabashiri utafiti unataka nini, na mara nyingi hujitahidi kumridhisha mtafiti.

Pale usipoweza kugawa watu, kwa mfano shule moja imepiga marufuku simu na nyingine haijapiga, unaweza kulinganisha, ila useme wazi kwamba makundi yalitofautiana tangu mwanzo, na upime kabla na baada.

*Kisa kimoja.* Mwaka 1953 Henry Molaison, aliyejulikana katika maandishi kama H.M. hadi alipofariki mwaka 2008, alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa, na akapoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo. Siku baada ya siku alizidi kuwa hodari, ingawa kila siku hakukumbuka kuwahi kuifanya. Mtu mmoja alitosha kutikisa wazo kwamba kumbukumbu ni kitu kimoja. Kisa kinaweza kuangusha kanuni. Hakiwezi kukwambia ni watu wangapi wako hivyo.

*Mahojiano na utafiti wa kimaelezo.* Kama unataka kujua mtu anahisi nini akitenganishwa na simu yake, namba zitakupa kivuli tu. Andaa mwongozo wa maswali machache yaliyo wazi, anza na "nieleze", kisha nyamaza. Ukimya unazaa maelezo kuliko swali la ziada. Rekodi kwa ridhaa. Tenga muda mrefu wa kunakili sauti kuwa maandishi, maana saa moja ya mazungumzo hula saa nyingi za kazi. Kwa uchambuzi, wengi hufuata njia ya dhamira ya Virginia Braun na Victoria Clarke ya mwaka 2006: zoea data, weka alama, kusanya alama kuwa dhamira, zipitie upya, zipe majina na mipaka, andika. Dhamira si mada iliyotajwa mara nyingi. Ni dai kuhusu maana inayojirudia. Na tafadhali, usiandike "asilimia 33 ya washiriki" ulipohoji watu tisa.

Hatua ya 4: Maadili kabla ya data

Kanuni tulizonazo zimelipiwa kwa mateso ya watu. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilifuata ukatili wa madaktari wa Kinazi. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ilifuata kashfa ya Tuskegee, Marekani, ambapo kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa uangaliwe ukiendelea. Ndani ya saikolojia, Stanley Milgram alichapisha mwaka 1963 jaribio ambalo 26 kati ya washiriki 40 walifika mwisho wa swichi, volti 450, wakiamini wanampiga mtu shoti ya umeme. Mtu huyo hakupigwa shoti hata moja, lakini washiriki walitoka jasho na kutetemeka, na mjadala wa kama ilikuwa halali kuwapitisha humo ulianza mara moja na haujaisha.

Kwako wewe, mambo ni haya. Pata kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya hata jibu moja. Kibali hakirudi nyuma. Fomu ya ridhaa iseme utafiti unahusu nini, unachukua muda gani, una hatari gani, data zitatunzwaje, na kwamba mtu anaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Kwa watoto, mzazi atoe ruhusa na mtoto mwenyewe akubali. Mwanafunzi wako si huru kabisa kukukatalia, basi mtu mwingine amwalike. Ukilazimika kuficha lengo, eleza ukweli wote mara tu kikao kinapokwisha na umpe nafasi ya kuondoa data zake. Majina yatunzwe mbali na majibu, yakiunganishwa kwa namba tu.

Kama hojaji yako inauliza kuhusu huzuni au mawazo ya kujiua, amua mapema utafanya nini mtu akijibu ndiyo: nani atazungumza naye, lini, na vipi. Kama huna jibu, usiulize swali hilo.

Hatua ya 5: Nani, na wangapi

Jeffrey Arnett alihesabu mwaka 2008 kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makuu ya saikolojia ya Marekani aliyoyapitia walitoka nchi tajiri za Magharibi, zenye asilimia 12 ya watu wa dunia. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walikusanya ushahidi kwamba watu hao si kielelezo cha binadamu wote. Katika mambo mengi wao ndio wa pembeni. Kwa hiyo eleza sampuli yako kwa undani, na usiseme "binadamu" ukimaanisha wanafunzi wa mwaka wa pili.

Idadi haiamuliwi kwa desturi ya "thelathini wanatosha". Inategemea ukubwa wa athari unayoitafuta. Kwa kulinganisha makundi mawili, ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua athari iliyopo kwa kiwango cha 0.05 (yaani ukikubali hatari ya asilimia 5 ya kuona athari isiyokuwepo), athari kubwa (d = 0.8, ambapo d ni tofauti ya wastani wa makundi ikilinganishwa na mtawanyiko wa alama) inahitaji watu 26 kila kundi, ya wastani (0.5) inahitaji 64, na ndogo (0.2) inahitaji karibu 400. Athari nyingi za saikolojia si kubwa. Programu ya bure ya G*Power itakufanyia hesabu hii kwa dakika moja. Kama watu unaoweza kuwapata hawatoshi, rudi hatua ya 3 uangalie kama kila mtu anaweza kupitia hali zote mbili.

Hatua ya 6: Jaribu kwa wachache, kisha funga mpango

Wapitishe watu watano hadi kumi katika utafiti mzima. Usitafute matokeo, tafuta mahali wanapokwama. Kama wote wamepata 10 kwa 10, makala ni rahisi mno na tofauti haitaonekana hata ikiwepo. Kama wote wamepata 2, ni ngumu mno.

Halafu andika mpango na uusajili mahali penye tarehe, kwa mfano Open Science Framework, ambako ni bure. Andika nadharia tete, idadi ya washiriki, utaacha lini kukusanya, nani atatolewa na kwa sababu ipi, na uchambuzi gani utafanya. Kwa nini usumbufu huu? Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha kwamba uhuru mdogo mdogo wa mtafiti, kama kuongeza washiriki kidogo, kuacha kipimo kimoja au kudhibiti kigeu hiki badala ya kile, unaweza kupandisha uwezekano wa matokeo ya uongo kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya 60. Kwa kutumia uhuru huohuo "walithibitisha" kwamba kusikiliza wimbo fulani kunapunguza umri wa msikilizaji kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2015 ushirikiano mkubwa wa watafiti ulirudia tafiti 100 zilizochapishwa: asilimia 97 za awali zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, za marudio zikawa asilimia 36.

Hatua ya 7: Kusanya

Chumba kilekile, maelekezo yaleyale, saa zinazokaribiana. Weka daftari la matukio: umeme umekatika, mshiriki wa 14 amekuja na mtoto. Usichungulie matokeo katikati.

Hatua ya 8: Chambua

Chora kwanza. Mchoro wa nukta utakuonyesha umri wa miaka 220 ulioandikwa kimakosa kabla wastani haujauficha. Kisha fuata mpango: kwa makundi mawili tofauti, jaribio la t; kwa watu walewale mara mbili, t ya jozi; kwa makundi matatu au zaidi, uchambuzi wa varianzi; kwa vigeu viwili vya namba, r; kwa hesabu za watu katika mafungu, kai-skweya. Programu za R, JASP na jamovi ni za bure na zinatosha.

Thamani ya p ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Inakwambia: kama kweli hakuna tofauti, uwezekano wa kupata data zilizokaa mbali hivi au zaidi ni kiasi gani. Haikwambii uwezekano kwamba nadharia tete yako ni kweli. Na p kubwa haithibitishi kwamba hakuna athari; labda sampuli ilikuwa ndogo. Kwa hiyo toa pia ukubwa wa athari pamoja na masafa yake ya asilimia 95, msomaji aone makadirio yako yanaweza kucheza kiasi gani.

Hatua ya 9: Andika

Anza na sehemu ya mbinu ukiwa bado unakumbuka, na iwe ya kina kiasi kwamba mtu usiyemjua anaweza kurudia kazi yako bila kukupigia simu. Neno "inasababisha" litumie kwa jaribio tu. Kwingine andika "inahusiana". Uchambuzi uliousajili uweke upande mmoja, na ulioufikiria baada ya kuona data upande mwingine, ukiwa na kichwa chake. Taja waliotolewa na sababu zake. Kama nadharia tete imeanguka, iandike imeanguka, bila kuihamisha ikawa nyingine iliyotabiri kilichotokea. Mwisho ondoa majina kwenye data, hakikisha umri, jinsia na kazi kwa pamoja havimtambulishi mtu, kisha ziweke data, hojaji na maelekezo mahali ambapo mwingine anaweza kuzifungua.